Mchezo wa Watu Wanne

Michezo ni ya namna mbili. Iko michezo isiyo na mwenyewe, na iko michezo yenye mwenyewe. Bao ni katika namna ya kwanza. Ubao ukivunjika, mashimo huchimbwa mchangani. Kete zikipotea, kokoto hutosha. Na mtawala akitaka kuukomesha mchezo huo hana pa kuanzia, maana hakuna mtu mmoja aliyeushika. Urithi wake umo katika vichwa na mikono ya watu. Namna ya pili ni michezo iliyozaliwa katika karne ya ishirini, ambayo hukaa ndani ya mashine, na mashine hiyo ina aliyeiunda, aliyeinunua, na aliyeandika mkataba juu yake. Mamilioni ya watu huweza kuucheza mchezo wa namna hii, wakaupenda na wakakua nao, walakini wasiwe na amri hata chembe juu ya uhai wake. Wenye mali wakipatana, mchezo huishi. Wasipopatana, hufungiwa kabatini ingawa watu wangali wakiulilia.

Habari za mchezo wa video uitwao GoldenEye 007 zafaa kusimuliwa kwa kuwa zaonyesha jambo hili wazi. Mchezo huo ulitengenezwa Uingereza, ukatolewa mwezi wa Agosti 1997, ukapendwa katika nchi nyingi, kisha mabishano ya haki yakauzuia usitolewe tena. Ulirudi tarehe 27 Januari 2023, baada ya miaka 25 na miezi mitano. Vijana waliouacha wakiwa wanafunzi waliukuta tena wakiwa wazazi. Swali lililo mbele ya historia hii ni moja: kilichorudi ni kitu gani, na kilichokuwa kimehifadhiwa muda wote huo ni kitu gani?

Jina la GoldenEye lilianza kuwa jina la nyumba. Mwandishi wa Kiingereza Ian Fleming alijijengea nyumba katika pwani ya kaskazini ya Jamaica baada ya Vita Kuu ya Pili, akaiita Goldeneye, na humo akaandika hadithi zake za jasusi James Bond, mwenye nambari 007. Fleming alifariki mwaka 1964. Mwaka 1995 jina la nyumba yake likapewa filamu ya Bond, ambamo Pierce Brosnan alishika nafasi ya jasusi huyo kwa mara ya kwanza. Filamu hiyo ndiyo iliyouzaa mchezo. Nintendo, kampuni ya Japani, ndiyo iliyoutoa. Na kazi ya kuutengeneza ilifanywa na Rare, kampuni ya Kiingereza iliyoanzishwa na ndugu wawili, Tim na Chris Stamper, ikiwa na makao yake katika nyumba ya shamba kijijini Twycross.

Mkuu wa kazi alikuwa Martin Hollis, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametunga programu katika mchezo wa ngumi uitwao Killer Instinct. Mafundi waliokusanyika chini yake walikuwa kama kumi, na wengi wao hawakuwa wamepata kutengeneza mchezo hata mmoja. Upungufu huu ungaliweza kuwaponza. Badala yake uliwapa ujasiri wa mtu asiyejua kwamba jambo alilolishika huhesabiwa kuwa haliwezekani. Kwanza lilitolewa wazo la mchezo mwepesi wa kukimbia na kuruka, wa mashine ya zamani. Hollis akaomba utengenezwe kwa mashine mpya iliyokuwa ikitarajiwa, nao uwe mchezo ambao mchezaji huiona dunia kwa macho ya Bond mwenyewe.

Mafundi walikwenda Leavesden, mahali palipokuwa kiwanda cha injini za ndege kabla ya kugeuzwa kuwa studio ya filamu, wakapiga picha za majumba ya kuigiza na kupata michoro yake. Waliporudi Twycross walijenga vyumba, ngazi na ujia kwa kufuata walichokiona, wakaongeza na vyumba ambavyo kamera ya filamu haikuvionyesha. Njia yao ya kujenga ilikuwa ngeni. Desturi ya wengi ilikuwa kupanga kwanza adui atasimama wapi na mchezaji apite wapi, kisha kuta zikajengwa kulifuata shauri hilo. Mafundi wa Rare walijenga kwanza nyumba kamili, na habari za nani akae wapi zikafuata baadaye. Kwa hiyo majengo yao yalikuwa na pembe zisizo na kazi na milango isiyoelekea popote pa maana, kama yalivyo majengo ya kweli. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba pembe hizo zingekuja kuwa maficho ya watu wanne waliokuwa wakiwindana.

Filamu ilionyeshwa mwezi wa Novemba 1995, na mchezo ulikuwa bado haujawa tayari. Mwaka 1996 ukapita. Kampuni nyingine ingaliukata mchezo huo ulipofikia na kuupeleka sokoni nusunusu, kwa kuwa filamu ikisahauliwa bidhaa yake hukosa wanunuzi. Ndugu Stamper na Nintendo waliwaachia mafundi wamalize. Subira hiyo yastahili kutajwa, maana bila hiyo jambo kubwa la historia hii lisingalitokea: sehemu ya kucheza watu wanne haikuanzwa ila karibu na Machi au Aprili 1997, miezi michache tu kabla ya mchezo kutolewa. Aliyeifanya ni mtunga programu mmoja, Steve Ellis, aliyeichukua kazi iliyokwisha tungwa kwa ajili ya mchezaji mmoja akaigeuza iwabebe wanne. Wakubwa wa Rare na wa Nintendo hawakuarifiwa mpaka sehemu hiyo ilipokuwa inatembea. Basi sehemu iliyokuja kukumbukwa kuliko zote ilitengenezwa mwisho kuliko zote, na haikuwa imeagizwa na mtu.

Mashine yenyewe, Nintendo 64, ilikuwa na matundu manne ya padi usoni mwake, ambapo mashine zilizotangulia za kampuni hiyo zilikuwa na mawili. Watu wanne waliweza kuketi mbele ya televisheni moja bila ya kununua kifaa kingine. Kioo kiligawanyika mafungu manne, na kila mchezaji akawa na pembe yake. Vioo vya zama zile havikuwa vikubwa, na robo ya kioo kidogo ni kitu kidogo sana. Mtu alisogea mbele mpaka magoti yake yakakaribia kuigusa televisheni, na aliyekaa nyuma akalalamika. Mabomu yalipolipuka mengi kwa pamoja mashine ilielemewa, na mwendo ukawa wa kusuasua. Kaseti nzima ilikuwa na nafasi ya megabaiti 12, ambayo siku hizi hujazwa na picha chache za simu. Katika nafasi hiyo mlikuwamo safari nzima ya Bond, na juu yake viwanja 11 vya kushindania: hekalu, maktaba, pango, ghala la nyaraka, kiwanda, na vinginevyo. Wachezaji walichagua pia silaha, toka bastola mpaka visu vya kurusha na mabomu ya kutega, na hata kupigana makofi matupu.

Ladha ya mchezo huo ilitokana na jambo lililoonekana kuwa kasoro. Katika bao kete zote zi wazi, na kila mtu ahesabu zake na za mwenziwe. Katika karata kila mtu huficha zake kifuani. GoldenEye ulikuwa katikati ya hayo mawili. Mchezaji alijificha nyuma ya kasha asionekane na adui, lakini pembe yake ya kioo ilikuwa palepale mbele ya macho ya wote, ikitangaza mahali alipo. Kutazama pembe ya mwenzio kulihesabiwa kuwa wizi, na kila mtu alikuwa mwizi. Mwenye werevu alijifunza kukabili ukuta mtupu ili kioo chake kisimsaliti. Mwenye werevu zaidi alikariri rangi ya kila ukuta, ili hata ukuta mtupu umpe habari. Ugomvi wa namna hii haukuwa wa mashine. Ulikuwa wa watu walioketi bega kwa bega, waliogusana viwiko, waliozibana macho kwa mkono, na ambao baada ya dakika kumi za kuuana walikula chakula kimoja.

Ndipo zilipozaliwa sheria. Katika wahusika waliochaguliwa na wachezaji alikuwamo Oddjob, mtumishi mnene wa tajiri mwovu katika filamu ya Goldfinger ya mwaka 1964. Alifanywa mfupi kuliko wenzake, na bunduki za mchezo zilielekea kwa kawaida kwenye kimo cha mtu wa wastani, hata risasi zikapita juu ya kichwa chake. Aliyetaka kumpiga alilazimika kuinamisha mtutu kwa makusudi, na katika muda huo yeye alikuwa ameshakufa. Kitabu kidogo kilichokuja na kaseti hakikukataza kumchagua Oddjob. Hata hivyo katika nyumba za Marekani na za Uingereza, katika mabweni ya vyuo na sebule za wazazi, watu ambao hawakupata kujuana walifikia hukumu moja: Oddjob ni haramu. Hapakuwa na mkutano wala tangazo. Sheria ilizaliwa pahali pengi kwa sababu haja yake ilikuwa moja. Mwaka 2018 mafundi wawili waliofanya kazi ile, Mark Edmonds na Karl Hilton, waliulizwa juu ya jambo hilo, nao wakakubali kwamba kumchagua ni udanganyifu. Waliotengeneza mchezo walikuja nyuma kuithibitisha sheria iliyokwisha kutungwa na waliocheza.

Haifai kuficha kwamba huu ulikuwa mchezo wa kupiga risasi, na kwamba jambo hilo liliwasumbua hata wakubwa wake. Hollis alisimulia baadaye kwamba Shigeru Miyamoto, bingwa wa Nintendo, alituma maoni kwa faksi akisikitikia wingi wa kuua kwa karibu, akapendekeza kwamba mwishoni mchezaji apite hospitalini akawape mikono maadui wote aliowapiga. Pendekezo hilo halikufuatwa. Lakini mchezo ulifanywa umalizike kama filamu, kwa kuwataja wahusika na kuwaonyesha kama waigizaji, ili kukumbusha kwamba yote yalikuwa ni maigizo. Ujerumani haikutosheka, iliuweka mchezo huo katika orodha ya vitu visivyofaa vijana, na haikuuondoa ila mwaka 2021. Anayezipima kumbukumbu za wachezaji huona kwamba kifo katika mchezo wa watu wanne kilikuwa kama kuliwa kete: mtu alikufa, akacheka au akanuna, akafufuka chumba cha pili, akaendelea.

Mchezo uliuzwa kaseti zaidi ya milioni nane, ukawa wa tatu kwa mauzo katika michezo yote ya Nintendo 64, na mwaka 1998 ukapata tuzo ya BAFTA nchini Uingereza. Ushindi wa namna hii kwa kawaida huzaa ndugu na wajukuu. Huu ulizaa utengano. Hollis aliiacha Rare mwaka 1998. Mwaka 1999 Steve Ellis, David Doak, Karl Hilton na wenzao waliunda kampuni yao, Free Radical Design. Waliosalia Rare walikamilisha mchezo wa pili wa mtindo uleule, Perfect Dark, mwaka 2000, lakini huo haukuwa na Bond, kwa maana leseni ya Bond ilikuwa imehamia kwa kampuni nyingine, Electronic Arts. Kisha mwaka 2002 Microsoft, kampuni ya Marekani iliyokuwa imeingia katika biashara ya mashine za kuchezea kushindana na Nintendo, ikainunua Rare nzima kwa dola milioni 375.

Kuanzia hapo GoldenEye 007 ukawa kama nyumba ya urithi yenye milango mitatu, kila mlango na mwenye ufunguo wake. Kazi ya mafundi ilikuwa mikononi mwa Rare, na Rare ilikuwa mali ya Microsoft. Mchezo wenyewe ulikuwa umetolewa na Nintendo, na bila ya ridhaa yake haungetoka. Jina la Bond, sura yake na hadithi yake vilikuwa vya wenye filamu. Wawili kati ya hao watatu walikuwa washindani sokoni, na wa tatu alilinda jina lililokuwa na thamani kubwa kuliko mchezo wowote. Hakuna mmoja aliyeweza kufungua peke yake, na kila mmoja aliweza kuzuia. Mafahali wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi hapa walikuwa watu waliotaka tu kucheza tena.

Jaribio kubwa lilifanywa mwaka 2007. Mafundi wa Rare waliutengeneza mchezo upya kwa ajili ya Xbox 360, mashine ya Microsoft, wakazisafisha picha zake na kuuongezea mwendo. Kazi ilifika karibu na ukingoni. Mwaka 2008 ikajulikana kwamba wenye haki wameshindwa kupatana, na kazi ile ikawekwa kando. Ilikaa gizani mpaka Februari 2021, ilipovuja na kusambaa katika intaneti, ikionekana kwamba kilichokosekana kilikuwa sahihi na si ufundi. Perfect Dark, ambao haukumhitaji Bond, ulitolewa tena mwaka 2010 bila taabu. Mwaka huohuo kampuni ya Activision ilitoa mchezo mwingine kabisa kwa jina la GoldenEye 007, ambamo Daniel Craig alikalia nafasi ya Brosnan. Jina lilikuwa lilelile, nyumba ilikuwa nyingine. Na mwaka 2015, Rare ilipotimiza miaka 30, ilikusanya michezo yake 30 katika sanduku moja, na mchezo uliokuwa na sifa kuliko karibu yote haukuwamo. Ilikuwa kama karamu ya ukoo ambayo mtoto mashuhuri alikatazwa kuhudhuria kwa kesi ya mirathi.

Katika miaka hiyo ya kungoja, uhai wa mchezo ulikuwa kwa watu wasio na hati. Wengine walitunza mashine zao za zamani, wakapuliza vumbi katika kaseti, na wakanunua padi kuukuu za kufidia zile ambazo vijiti vyake vilikuwa vimelegea. Wengine walifanya zaidi. Kuanzia mwaka 2005 kundi la wapenzi lilikuwa likitoa kazi yao iitwayo GoldenEye: Source, iliyojengwa juu ya programu ya mchezo mwingine, ambamo viwanja vya zamani vilichorwa upya kimoja kimoja na kutolewa bure. Toleo lao kubwa la tano lilitoka mwaka 2016. Zaidi ya miaka kumi ya jioni na siku za mapumziko ilikwenda katika kazi ambayo hawangeweza kuiuza hata kwa senti moja. Na wengi mno hawakufanya lolote ila kusimulia. Walieleza habari za Oddjob kwa watu ambao hawakupata kumwona, hata vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1997 wakaijua sheria kabla ya kuujua mchezo.

Tangazo la kurudi lilitoka tarehe 13 Septemba 2022, na mchezo ukafika tarehe 27 Januari 2023 kwa mashine za washindani wote wawili kwa siku moja. Mapatano yalikuwa yamepatikana. Lakini namna yalivyogawanywa yaonyesha bei yake. Aliyetumia mashine za Xbox alipata picha safi na padi zinazofaa mikono ya siku hizi, walakini alicheza na waliomo chumbani tu. Aliyetumia Switch ya Nintendo aliweza kuwaalika marafiki walio mbali wakacheza kwa njia ya intaneti, walakini picha na mwendo vilikaribia vile vya kale, na vitufe vilipangwa kwa namna iliyowachanganya wengi mpaka walipojipangia wenyewe. Hakuna aliyepewa yote mawili. Kila mwenye ufunguo alifungua mlango wake na kuubana wa mwenziwe.

Liko jambo jingine ambalo furaha ya siku ile ililifunika. Mnunuzi wa mwaka 1997 alitoka dukani na kaseti mkononi. Ilikuwa yake: aliweza kumwazima jirani, kuiuza, au kumwachia mwanawe, na kaseti nyingi za mwaka ule zaingia katika mashine hata leo zikacheza. Wengi walioukaribisha mchezo mwaka 2023 waliupata kwa kulipia ada, na ada ikikoma na mchezo nao hukoma. Aliyekuwa mwenye nyumba amekuwa mpangaji. Mapatano yaliyofungua milango yaweza siku moja kuifunga, na ikifungwa mpangaji hatabaki na kaseti ya kupuliza vumbi. Kwa hiyo kurudi kwa GoldenEye kulitengeneza kosa la kale, na wakati huohuo kuliacha mlango wa kosa lingine wazi.

Waliorudi kucheza walikutana na mambo mawili. La kwanza lilikuwa mshangao. Kumbukumbu ni fundi mwenye huruma. Katika muda wa miaka 25 ilikuwa imelainisha nyuso za walinzi zilizokuwa kama vinyago, imeongeza mwendo, na imeondoa ukungu. Padi ya zamani ilikuwa na kijiti kimoja, na mchezo ulitungwa kwa mkono wa zama zile; vidole vilivyozoea vijiti viwili vilijikwaa, na bingwa wa bwenini akajikuta akizunguka pembeni kama mtu aliyefunikwa macho. Wako walioweka padi chini baada ya saa moja, wakasema walikuwa wakiupenda ujana wao na si mchezo.

La pili liliwapata wale walioweza kukusanya watu wanne katika chumba. Televisheni yao ilikuwa kubwa, hata robo moja ya kioo ikashinda ukubwa wa kioo kizima cha zamani. Lakini mtu aliyekaa kulia bado aliweza kumwibia wa kushoto kwa jicho, na kanuni ya Oddjob ilitajwa kabla ya raundi ya kwanza kuanza. Mtoto aliyefundishwa na baba yake alishindwa, akadai marudio, akagundua maficho ambayo baba alikuwa ameyasahau. Katika vyumba hivyo mchezo haukuwa wa kukumbukwa tu. Ulikuwa unachezwa.

Tofauti kati ya makundi haya mawili ndiyo jibu la swali lililoulizwa. Mchezo wa watu wengi una nusu mbili. Nusu ya kwanza hutengenezwa na mafundi: kuta, silaha, sauti, mwendo. Hiyo yaweza kununuliwa kwa dola milioni 375, kufungiwa miaka, kuvuja, kusafishwa na kukodishwa. Nusu ya pili hutengenezwa na wachezaji: sheria, wizi wa macho, majina ya utani, zamu ya kumwachia kiti aliyengoja. Hiyo haikuandikwa katika kaseti wala katika mkataba, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kuiuza wala kuizuia. Wakati wenye funguo walipokuwa hawasemezani, nusu hii ilikaa kwa watu, na ndiyo iliyofanya nusu nyingine itafutwe. Lau isingalihifadhiwa, mwaka 2023 pasingalikuwa na mtu wa kumtolea mchezo.

Haifuati, hata hivyo, kwamba nusu ya mafundi ni kitu cha kupuuzwa. Mkeka hauleti mazungumzo, lakini watu wakikosa pa kuketi hutawanyika. Steve Ellis na wenzake walitandika mkeka mzuri, na kuuzuia kwa robo ya karne kulikuwa hasara kwa watu wengi, ingawa hasara hiyo haikuandikwa katika daftari la kampuni yoyote. GoldenEye ulibahatika. Ulikuwa na wapenzi mamilioni, na jina lenye faida ya kutosha kuwarudisha wakubwa watatu mezani. Michezo mingi ya miaka ileile haikuwa na jina wala faida ya namna hiyo. Mingine ilitegemea mashine za kampuni zilizokwisha kuzimwa, na watu walioicheza hawana pa kurudi hata wakitaka. Vitabu vina maktaba, na filamu zina nyumba za kumbukumbu, kwa sababu watu wa zamani waliamua kwamba kazi iliyopendwa na wengi haiwezi kuachiwa hiari ya mwenye hati peke yake. Michezo ya mashine ingali yangoja uamuzi kama huo. Mpaka ufanywe, itaendelea kuishi kwa njia mbili tu: kwa mapatano ya matajiri, ambayo huja na kuondoka, na kwa watu wanne walioketi pamoja, wakakubaliana kabla ya kuanza kwamba hakuna atakayemchagua Oddjob.